Kuwahi kumwaga: mwongozo kamili kwa mwanamume na mwenzake

Mwanamume akija kliniki kwa jambo hili, mara nyingi halitaji mwanzoni. Ataeleza kikohozi, ataeleza mgongo, atapimwa presha, ataandikiwa dawa. Akishashika kitasa cha mlango ndipo anageuka na kuuliza kwa sauti ya chini: "Daktari, na ile... nguvu za kiume?" Ukimrudisha kitini akaeleza vizuri, mara nyingi unakuta uume wake unasimama sawasawa, tena kwa nguvu. Kinachomsumbua ni kwamba anamwaga kabla hajataka.

Lugha ya mtaani imetupa kila kitu kwenye gunia moja na kuliandika "upungufu wa nguvu za kiume". Muuza dawa wa stendi naye anauza dawa ya gunia zima. Ndiyo maana nimeona wanaume wakihangaika miaka na vidonge vya kusimamisha uume ambao haukuwa na shida ya kusimama. Hamu ya tendo ni jambo moja. Kusimama kwa uume ni jambo jingine. Kuchelewa au kuwahi kumwaga ni la tatu, na uwezo wa kuzalisha ni la nne. Mwongozo huu unahusu hilo la tatu, na habari njema ni kwamba lina tiba zinazofanya kazi, nyingi zikianzia nyumbani.

Hatua ya kwanza: hakikisha kama kweli ni tatizo

Vijiweni watu husimulia saa nzima. Video za ngono zimekatwa na kuunganishwa. Ukijipima kwa hivyo, utajiona mgonjwa hata kama ni mzima.

Kipimo cha kweli ni hiki. Mwaka 2005 ulichapishwa utafiti uliofanywa Uholanzi, Uingereza, Hispania, Uturuki na Marekani. Jozi 500 za wenzi zilipewa saa ya kupimia, wakahesabu tangu uume unapoingia ukeni hadi manii yanapotoka. Muda wa katikati ulikuwa dakika 5.4. Wapo waliotumia nusu dakika tu, na wapo waliofika dakika 44. Vijana wa miaka 18 hadi 30 walikuwa na dakika 6.5, na waliozidi miaka 51 dakika 4.3. Kwa hiyo mwanamume wa dakika tano anayenunua dawa kwa siri ananunua dawa ya ugonjwa asiokuwa nao. Anachohitaji huenda ni mazungumzo na mkewe.

Wataalamu wa tiba ya afya ya ngono wanataka mambo matatu yakutane ndipo waseme mtu ana tatizo la kuwahi kumwaga. La kwanza ni muda: kama dakika moja hivi tangu siku zake za kwanza za tendo la ndoa, au muda uliokuwa mzuri ukashuka hadi kama dakika tatu au chini ya hapo. La pili, anashindwa kujizuia mara zote au karibu zote. La tatu, jambo hilo linamuumiza: anakereka, ana huzuni, au ameanza kulikwepa tendo lenyewe.

Kumwaga haraka ukiwa umerudi safari baada ya miezi miwili, au usiku wa kwanza wa ndoa, si ugonjwa. Mwili uliokaa muda mrefu bila tendo huwahi. Chukua wiki tatu au nne, kadiria muda wako kila mara bila kuweka saa kitandani, uandike pembeni. Karatasi hiyo itakusaidia baadaye kujua kama unaendelea vizuri.

Hatua ya pili: je, ni la tangu ujana au limeanza juzi?

Swali hili ndilo linaloamua njia ya tiba, na watu wengi wanaliruka.

Lililokuwepo tangu mara yako ya kwanza, kwa kila mwanamke, lina asili ya kimwili zaidi kuliko watu wanavyodhani. Ubongo hutumia kemikali iitwayo serotonini kushikilia breki ya kumwaga, na kuna wanaume ambao breki hiyo kwa maumbile yao ni nyepesi. Si laana, wala si adhabu ya punyeto uliyopiga ukiwa shuleni. Punyeto haiharibu mishipa. Lipo wazo la zamani kwamba kijana aliyezoea kumaliza haraka kwa kuogopa kufumaniwa huuzoesha mwili wake haraka, lakini ushahidi wake ni hafifu, na sioni sababu ya mtu mzima kubeba hatia hiyo.

Tohara nayo husingiziwa. Kisumu, nchini Kenya, vijana 2,784 waliingia kwenye jaribio la kupima kama tohara inapunguza maambukizi ya VVU, wengine wakatahiriwa mapema na wengine wakasubiri. Walipoulizwa kuhusu tendo la ndoa, makundi hayo mawili hayakuonyesha tofauti ya maana katika matatizo ya ngono, kuwahi kumwaga likiwemo.

Lililoanza baada ya miaka ya kuwa sawa ni jambo tofauti, na hapo tunatafuta chanzo. Cha kwanza kuuliza ni kusimama. Mwanamume ambaye uume umeanza kulegea katikati ya tendo hujifunza kuharakisha ili amalize kabla haujalala. Yeye analalamika kuwahi, kumbe shida ya msingi ni kusimama, na nyuma yake huenda kuna kisukari au presha. Huyu akitibiwa kusimama, kuwahi nako mara nyingi hupungua.

Chanzo kingine ni tezi ya thairoidi, ile iliyo shingoni, inapofanya kazi kupita kiasi. Dalili zake ni moyo kwenda mbio, mikono kutetemeka, jasho jingi na kupungua uzito huku unakula vizuri. Katika utafiti mmoja wa Italia, nusu ya wanaume wenye ugonjwa huo walikuwa wanawahi kumwaga. Baada ya kutibiwa thairoidi walibaki asilimia 15. Tezi dume ikiwa na uvimbe au maambukizi inaweza kuleta tatizo hilohilo, pamoja na maumivu ya kinena, kuungua wakati wa kukojoa au maumivu wakati wa kumwaga. Na wapo ambao kwao chanzo ni deni, msiba, ugomvi wa nyumbani usioisha, au hofu ya "leo tena nitaaibika". Hofu hiyo yenyewe inaharakisha, na kuwahi kunaongeza hofu.

Kama lako limeanza ghafla, una maumivu, damu kwenye manii, au umeona uume hausimami tena asubuhi unapoamka, nenda kwanza hospitali, kisha urudi kwenye hatua zinazofuata.

Hatua ya tatu: mwambie mwenzako

Binti wa pwani ana somo au kungwi wa kumfunda kabla ya ndoa. Mvulana wa leo aliyetahiriwa hospitali akiwa mtoto mchanga hana mtu huyo. Alichonacho ni marafiki na simu. Basi anaingia kwenye ndoa akiwa na imani moja tu, kwamba kazi yake ni kudumu, na anaposhindwa ananyamaza, anageukia ukutani. Mke anatafsiri ukimya ule apendavyo: hanitaki, ana mwingine, ananidharau.

Usilizungumze kitandani dakika mbili baada ya kumwaga. Chagua saa ya utulivu, watoto wakiwa wamelala. Maneno yawe mepesi: "Mke wangu, kuna jambo linanisumbua. Ninamaliza mapema kuliko ninavyotaka, na najua wewe unabaki njiani. Nimesoma kuna mazoezi ya kufanya wawili. Utanisaidia?" Wanaume wanaogopa sana mazungumzo haya, na nimeshangaa mara ngapi jibu la mke limekuwa la upole kuliko walivyotarajia.

Muulize pia yeye anapenda nini. Wanawake wengi hawafiki kileleni kwa kuingiliwa peke yake. Kinembe kinahitaji kuguswa. Rwanda ina mila ya kunyaza, ambayo shabaha yake ni raha ya mwanamke kwa kuzichezea sehemu za nje za uke kwa mahadhi, na wala haipimwi kwa urefu wa kuingiza. Mume akijua kumfikisha mkewe kwa mkono na kwa subira kabla ya kuingiza, nusu ya mzigo inashuka mabegani mwake, na mwanamume asiye na mzigo huchelewa zaidi.

Hatua ya nne: zoezi la kusimama na kuendelea

Hapa ndipo nataka ukae kwa muda, kwa sababu hapa ndipo watu wanapojaribu mara mbili na kuacha.

Zoezi hili lilielezwa mwaka 1956 na daktari wa Marekani, James Semans. Lengo lake si kukufanya uufikirie mpira au madeni wakati wa tendo. Kuutoa moyo kwenye tendo hakufundishi kitu. Lengo ni kinyume chake, uusikilize mwili mpaka uijue hatua iliyo kabla ya ile isiyozuilika. Fikiria ngazi ya moja hadi kumi. Kumi ni kumwaga. Tisa ni pale ambapo hata ukisimama, yanatoka. Mwanamume anayewahi huwa anapita sita, saba na nane bila kuziona. Zoezi linamfundisha kuiona saba.

Anza kwa mkono, mkavu, bila mafuta. Wapo watakaofanya wenyewe. Kwa wale ambao dini yao inakataza kujichua, zoezi la Semans tangu mwanzo lilikuwa la mkono wa mke, kwa hiyo hukosi kitu. Lala chali, yeye akuchezee. Ukifika saba, mwambie asimame. Subiri mpaka ushuke hadi nne hivi, hata kama uume unalegea kidogo, hilo lisikutishe. Kisha aendelee. Fanya hivyo mara tatu, na mara ya nne jiruhusu kumwaga. Usiku ambao umekosea ukamwaga kwenye mara ya pili si usiku ulioharibika. Umejifunza kwamba saba yako ilikuwa nane.

Fanya mara tatu kwa wiki. Ukishaweza mara tatu bila kukosea kwa usiku kadhaa mfululizo, rudia zoezi lote kwa mkono wenye mafuta ya kulainisha, kwa sababu unyevunyevu unafanana zaidi na uke na hisia zake ni kali. Tumia kilainishi cha maji kama mtatumia kondomu baadaye. Vaseline na mafuta mengine huharibu kondomu za mpira.

Kisha ndipo mwende kwenye kuingiza. Mke awe juu, wewe chali, misuli ya miguu na makalio ikiwa imelegea. Aingize taratibu na mtulie, bila kusogea, dakika moja au mbili. Wengi wanaowahi hawajawahi kukaa ndani ya uke kwa utulivu; kila walipoingia walikimbia. Ukihisi unapanda, atoke, msubiri, aingize tena. Usiku mwingine asogee polepole, nawe useme "simama" inapofika saba. Mkao wa mume juu, ambao ndio wengi wetu tumeuzoea, uje mwisho, maana misuli inakaza zaidi na breki inakuwa ngumu kuishika.

Upo pia mbano, uliotangazwa na watafiti wa Marekani, Masters na Johnson, mwaka 1970. Badala ya kusubiri tu, mke anabana kichwa cha uume pale kinapoungana na shina, kidole gumba upande wa chini na vidole viwili upande wa juu, kwa sekunde chache mpaka hamu ya kumwaga ishuke. Akibane kwa uthabiti bila kuumiza. Binafsi naona wenzi wengi wanauona mbano unakata raha, na kusimama tu kunawatosha.

Pumua kwa tumbo, pole pole, wakati wote huu. Pumzi fupi za kifuani hupandisha ngazi haraka.

Jipe wiki nane hadi kumi na mbili. Usihukumu kwa wiki ya pili.

Hatua ya tano: misuli ya msamba

Kati ya korodani na njia ya haja kubwa, kwa ndani, kuna misuli inayosukuma manii nje. Ukiitawala, unapata breki nyingine. Katika utafiti wa Italia uliochapishwa mwaka 2014, wanaume 40 wenye tatizo la tangu ujana walifanyishwa mazoezi ya misuli hii kwa wiki 12, na 33 kati yao walipata nafuu. Wastani wao ulitoka kama nusu dakika hadi zaidi ya dakika mbili. Wao walisimamiwa kwa vifaa na wataalamu, kwa hiyo nyumbani usitegemee makubwa kiasi hicho, ila mazoezi hayana gharama.

Ili kuitambua, kaa kitini, ubane kana kwamba unazuia ushuzi mbele ya wakwe. Mapaja, makalio na tumbo visibane. Hiyo ndiyo misuli yenyewe. Bana sekunde tano, achia sekunde kumi, mara kumi, asubuhi, mchana na usiku. Unaweza ukafanya ndani ya daladala na hakuna atakayejua. Usiifanye kuwa desturi wakati wa kukojoa, maana inaweza kuvuruga kibofu.

Kuachia ni muhimu kama kubana. Wapo wanaume ambao misuli yao imekaza muda wote, na kwao kubana zaidi kunaongeza tatizo. Ukiona unapata maumivu ya kinena, acha na umwone mtaalamu wa fiziotherapia. Na katika tendo lenyewe, ukifika saba, legeza msamba; ukiubana kwa nguvu ukiwa nane, unaweza kujimaliza mwenyewe.

Hatua ya sita: dawa za hospitali

Kwa mwenye tatizo la tangu ujana na muda wa chini ya dakika moja, mazoezi peke yake mara nyingi hayatoshi. Kumeza dawa si kushindwa.

Rahisi zaidi ni krimu au dawa ya kupulizia yenye ganzi, lidokaini peke yake au pamoja na prilokaini. Paka kiasi kidogo kwenye kichwa cha uume kwa muda ulioandikwa kwenye pakiti, mara nyingi dakika kati ya 5 na 20, kisha pangusa vizuri au osha kabla ya kuingiza. Usipopangusa, ganzi inampata mkeo, naye atabaki hana hisia. Ukizidisha, uume wako nao utakufa ganzi na kulegea. Kondomu ya kawaida pia hupunguza hisia kidogo na inawasaidia baadhi.

Zinazofuata ni dawa za kupandisha serotonini, ambazo kwa asili zilitengenezwa kutibu sonona. Paroksetini ndiyo yenye nguvu zaidi katika kuchelewesha. Sertralini na fluoksetini nazo hutumika. Zinamezwa kila siku, nafuu inaanza kuonekana kati ya wiki moja na mbili. Ukiandikiwa kwa ajili ya kumwaga na ukasoma kwenye karatasi kwamba ni ya sonona, usishtuke. Madhara yake ni kichefuchefu, usingizi, uchovu, kinywa kukauka na wakati mwingine hamu kupungua. Usiziache ghafla, punguza kwa maelekezo ya daktari. Mweleze kama una umri chini ya miaka 25, umewahi kuwa na mawazo ya kujiua, una ugonjwa wa akili wa kupanda na kushuka kwa hisia, au mnatafuta mtoto, kwa kuwa zinaweza kuathiri mbegu.

Dapoksetini ilitengenezwa mahsusi kwa tatizo hili. Kidonge cha miligramu 30 humezwa saa moja hadi tatu kabla ya tendo, na si zaidi ya mara moja kwa saa 24. Haichanganywi na pombe, na inaweza kumfanya mtu apate kizunguzungu au kuzimia, kwa hiyo mwenye ugonjwa wa moyo asiiguse bila daktari.

Sildenafili haicheleweshi kumwaga kwa mtu anayesimama vizuri. Ina kazi pale ambapo kusimama nako kuna shida. Na kwa anayetumia dawa za naitreti kwa maumivu ya moyo, inaweza kuua kwa kushusha presha ghafla.

Vya kuviacha

Supu ya pweza ni chakula kizuri, inywe kwa raha yake. Unga na vidonge visivyo na maandishi, vumbi la Kongo na mengine yanayouzwa kwa chupa na karatasi, ni jambo jingine. Mamlaka ya dawa ya Marekani imekuta mara nyingi sildenafili ikiwa imefichwa ndani ya bidhaa zinazodaiwa kuwa za asili, bila kipimo kujulikana. Mzee wa presha anameza "mizizi" kumbe anameza dawa ambayo daktari angemkatalia.

Tramadoli inanitia hofu zaidi. Kweli inachelewesha kumwaga, ndiyo maana vijana wanaambiana. Lakini ni dawa ya maumivu ya jamii ya afyuni. Inazoeleka mpaka mtu hawezi kuishi bila hiyo, inaleta degedege, na ikichanganywa na pombe au na dawa za serotonini nilizotaja inaweza kuondoa uhai. Usianze hata kwa jaribio la usiku mmoja. Pombe nayo leo itakuchelewesha, kesho itakunyima kusimama. Na yeyote anayekushauri upasuaji wa kukata mishipa ya fahamu ya uume, mkatalie, kwa kuwa hisia zikipotea hazina uhakika wa kurudi.

Ukienda hospitali

Huhitaji kuanzia kwa bingwa. Daktari wa kawaida wa kituo cha afya anaweza kuanza, akakupa rufaa kwa daktari wa mfumo wa mkojo au mshauri nasaha kama itahitajika. Beba ile karatasi ya muda, orodha ya dawa unazotumia, pamoja na zile za stendi ambazo ungependa kuzificha. Huenda ukapimwa sukari, presha, mkojo na pengine thairoidi. Kama mkeo yuko radhi, nenda naye.

Na usisubiri kitasa cha mlango. Ukishaketi tu, kabla hujataja mgongo wala kikohozi, sema hivi: "Daktari, uume wangu unasimama vizuri, lakini namwaga ndani ya dakika moja. Ilianza mwaka fulani. Nimejaribu hiki na hiki." Kama una aibu ya kutamka, iandike kwenye karatasi uliyobeba, umkabidhi.